Walikuwa wachache tu: Jinsi Wazungu walivyoigeuza Mbozi

Ukisimama Nanyala kando ya barabara kuu ya Mbeya–Tunduma, ukatazama malori yanavyopishana kwenda mpakani, unaweza kudhani mambo yote haya ni ya juzi. Lami ya juzi, foleni ya juzi, hata Mkoa wa Songwe wenyewe umezaliwa mwaka 2016.

Lakini anza kuuliza maswali madogo madogo. Mikahawa ya Mbozi ilitoka wapi? Kwa nini Mnyamwanga wa Tunduma ana shangazi Zambia, na akitaka kumsalimia avuke mpaka? Kwa nini jijini Mbeya kuna mtaa unaitwa Uhindini? Majibu yanakurudisha kwenye kipindi kimoja, miaka kama sabini hivi, ambapo Wazungu walihamia huku, wakakaa, kisha wengi wao wakaondoka.

Na kinachoshangaza ni kwamba hawakuwa wengi.

Mwaka 1913, chini ya Wajerumani, Wazungu katika koloni lote walikuwa zaidi kidogo ya 5,000. Sensa ya Waingereza ya 1931 ilikuta kama 8,200 kwa Tanganyika nzima, katikati ya Waafrika wanaokaribia milioni tano. Kenya wakati huohuo ilikuwa na karibu 17,000. Huku kwetu, kuna mzee aliyezaliwa na kukua bila kuzungumza na Mzungu ana kwa ana hata mara moja. Lakini kodi alilipa, na mpaka ulimhusu.

Mpaka ulitangulia

Kabla hata Mzungu hajajenga nyumba Mbozi, mstari ulishachorwa. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani na Uingereza zilisaini mkataba wa kugawana maeneo, na kipande cha kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika kikapangwa mezani. Upande wa Nyasa walifuata Mto Songwe. (Usiuchanganye na Songwe ile nyingine ya upande wa Mbeya, inayomwaga maji Ziwa Rukwa. Mito ni miwili, jina moja.)

Kuelekea Ziwa Tanganyika, mstari ulipangwa ili Barabara ya Stevenson, njia ya Waskoti ya kuunganisha maziwa hayo mawili, ibaki upande wa Waingereza. Kwa hiyo biashara ya watu wa Glasgow ilikuwa na uzito kuliko koo za Wanyamwanga, ambao walijikuta wako nchi mbili bila mtu yeyote kuhama. Tunduma na Nakonde za leo zimekaa juu ya mstari huo.

Misheni: huyu alikuja kubadili, akabadilika

Wamoraviani kutoka Herrnhut, Ujerumani, walifika Rungwe mwaka 1891. Mwaka 1899 wakafungua kituo Mbozi, kwa Wanyiha. Aliyekaa hapo muda mrefu ni Traugott Bachmann, na habari yake inafaa kusimuliwa kidogo, maana haiendi kama tulivyozoea kusikia.

Mwanzoni alikuwa mmisionari wa kawaida: ngoma ni mbaya, wake wengi ni dhambi, acha mambo ya kwenu uje kwetu. Miaka ilivyopita, akajifunza Kinyiha, akakaa na wazee, akaanza kuona tofauti. Aliona kwamba mwanaume mwenye wake wawili akilazimishwa kumfukuza mmoja ndipo abatizwe, anayeumia ni yule mwanamke na watoto wake. Akafika mahali pa kukubali wabatizwe walivyo. Wenzake wengi hawakufurahi.

Kwa wanyonge, kituo kama hicho kilikuwa pia mahali pa kukimbilia. Biashara ya watumwa ilikuwa bado mbichi katika nyanda hizi, na wanawake waliotekwa na kuuzwa walitafuta hifadhi misheni. Wengine walimsimulia maisha yao mmisionari Elise Kootz-Kretschmer, naye akayaandika. Majina kama Narwimba na Chisi tunayajua leo kwa sababu hiyo.

Sisemi misheni ilikuwa mbingu. Ilikuwa na shamba, kengele, na amri zake. Ila nayo ndiyo iliyoleta kusoma na kuandika, na kijana aliyejua kuandika alipata kazi ambayo baba yake hakuwahi kuisikia: karani, mwalimu, mkalimani. Heshima ikaanza kuhama kidogo kidogo kutoka kwa mwindaji na mhunzi kwenda kwa mwenye kalamu. Na Wanyiha walikuwa mafundi hasa wa kuyeyusha chuma. Jembe la dukani liliua ufundi ule.

Hata maneno yalihamia. "Shule" ni neno la Kijerumani. "Hela" imetokana na heller, sarafu ndogo iliyoingizwa mwaka 1904, 100 kwa rupia moja.

Walowezi na kahawa

Vita vya Kwanza vilipita hapa hapa. Mwisho wa Oktoba 1918 jeshi la Lettow-Vorbeck lilipitia misheni ya Mbozi, likavuka kwenda Fife, na likaweka silaha chini Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba. Wajerumani wakafukuzwa nchini, mashamba yao yakauzwa kama mali ya adui.

Ungedhani wameisha. Lakini mwaka 1925 wakaruhusiwa kurudi, na wengi wakazitazama Nyanda za Juu Kusini: Iringa, Mbeya, Mbozi. Hali ya hewa ya ubaridi, udongo mzuri. Mwaka huohuo wa 1925, mwezi Oktoba, Lord Delamere, kigogo wa walowezi wa Kenya, aliitisha mkutano Tukuyu. Ndoto yake ilikuwa ukanda mmoja wa Wazungu kutoka Kenya hadi Rhodesia, na sisi tulikuwa katikati ya ndoto hiyo.

Haikutimia, na sababu mojawapo ni sheria. Mwaka 1923 Waingereza walitunga Sheria ya Ardhi iliyosema ardhi ya Tanganyika ni ya umma chini ya usimamizi wa Gavana. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, siyo koloni la kujichukulia tu. Mlowezi alipewa haki ya kukaa kwa miaka isiyozidi 99. Ndiyo maana Mbozi haikuwa kama nyanda za juu za Kenya.

Lakini shamba la mlowezi halilimwi na mlowezi. Hapa ndipo kodi ilipofanya kazi yake. Ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilipatikana kwa Mzungu. Ukienda shambani unapewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na hulipwi mpaka kijae. Wengine waliandikishwa wakapelekwa mkonge Tanga, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Wengine migodi ya shaba Rhodesia ya Kaskazini. Wengine dhahabu ya Lupa, Chunya, iliyogunduliwa mwaka 1922 ikavuta wachimbaji wa Kizungu na maelfu ya vibarua. Mji wa Mbeya ulianza katika miaka hiyo hiyo, ukapangwa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika mbali kidogo.

Fikiria nyumba ambayo mwanaume hayupo mwaka mzima. Nani analima, nani anaamua mahari, nani anamlea kijana? Wanawake ndio waliobeba. Kwangu mimi hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote, ila halina mnara wala jengo la kuonyesha watalii.

Tukizungumzia watalii, kimondo cha Mbozi nacho ni mfano mzuri. Vitabu vingi vinasema "kiligunduliwa" mwaka 1930 na mpima ardhi W. H. Nott. Lile jiwe la chuma lenye urefu wa kama mita tatu lilikuwa palepale kilimani, na wenyeji walilijua siku zote. Kuandikwa na Mzungu ndiko kulikoitwa kugundua.

Mkahawa ukahama mikono

Mwaka 1939 vita vya pili vilipoanza, Wajerumani walikamatwa, mashamba yakachukuliwa tena na serikali kama mali ya adui. Mara ya pili katika miaka 25. Wamisionari wao nao wakawekwa kizuizini, na makanisa yakabaki mikononi mwa wachungaji na wazee wa hapa hapa. Mwaka 1966 Teofilo Kisanji akawa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Wamoraviani Tanzania.

Na kahawa? Vibarua walikuwa wamejifunza kila kitu: kitalu, kupogolea, kuchuma zilizoiva tu, kumenya, kuosha. Miaka ya 1950 Wanyiha walipanda mikahawa yao kwa wingi. Zao la bwana likawa zao la ada ya shule na bati la nyumba. Leo mnaposikia AMCOS za Mbozi zikipeleka kahawa mnadani, hayo ni matunda ya ujuzi uliochukuliwa kwa jasho, tena kwa malipo kiduchu.

Kwa hiyo ukisikia vijiweni mtu anasema "bila Wazungu tusingekuwa na kahawa," mwulize nani alichimba mashimo. Na akisema mwingine kwamba hawakuacha chochote, mwulize ameandika hilo kwa herufi za nani. Wote wawili wana nusu.

Kuna jambo moja ambalo halikuondoka nao kabisa. Sheria za Ardhi za 1999 zinasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, msimamizi wake ni Rais. Mwaka 1923 maneno yalikaribiana na hayo, ila msimamizi alikuwa Gavana. Haki ya mwenyeji anayeishi kwa mila ilitambuliwa kwa marekebisho ya 1928, nayo ndiyo babu wa hati ya hakimiliki ya kimila ya leo. Mkulima wa Nanyala anapokwenda ofisi ya kijiji kuomba hati hiyo, ili shamba lililokuwa la baba yake liandikwe kwa jina lake, anaingia kwenye mlango uliofunguliwa miaka ambayo mlowezi alikuwa anapimiwa eka zake kilima cha pili.