Nakala Isiyotazamwa Si Nakala



Wengi wenu mmeuliza kwa nini mlitakiwa kuleta upya stakabadhi zenu za karafuu, na baadhi mmenung'unika. Haki yenu. Twaona yafaa tuwaeleze jambo lilivyokuwa bila kificho, kisha tueleze namna ya kunakili faili na saraka kwa kuandika amri katika kompyuta, ili kosa letu liwe funzo kwa kila tawi. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, na habari vile vile hatukupata.

Daftari la wanachama, lenye jina la mkulima, shamba lake, hesabu ya mikarafuu yake na kilo alizoleta kila msimu, lilikuwa katika faili iitwayo wapemba.txt. Tunao pia wenzetu wachache waliohamia Wampembe, kule kando ya Ziwa Tanganyika, chini ya uwanda wa juu wa Ufipa katika Mkoa wa Rukwa, ambako wanafanya biashara ya dagaa. Mikarafuu yao wameiacha mikononi mwa ndugu zao. Hao tuliwafungulia faili ndogo yao peke yao, wampembe.txt. Majina haya mawili yanatofautiana kwa herufi mbili tu.

Siku moja karani wetu, akiwa na haraka ya kufunga ofisi, aliandika hivi:

copy /Y wampembe.txt E:\Nakala\wapemba.txt

Kompyuta haikujua kwamba amekosea. Ilichukua orodha ndogo ya Wampembe, ikaiweka juu ya nakala ya daftari kubwa katika flashi, na nakala ile ya zamani ikafutika. Alama ya /Y maana yake ni kuiambia mashine isiulize, nayo haikuuliza. Hakuna aliyeifungua flashi kutazama. Wiki chache baadaye diski ya kompyuta ikafa. Tulipokimbilia nakala tukakuta majina ya watu wanne mahali pa daftari zima. Ndiyo sababu mliombwa stakabadhi. Na wale waliokuwa wamezipoteza tumelazimika kuwathibitisha kwa ushahidi wa majirani, kazi ambayo haijesha.

Sasa tueleze kazi yenyewe.

Faili na saraka

Faili ni kama karatasi moja iliyoandikwa. Saraka ni kama kabati ya kutilia karatasi, na ndani yake mwaweza kuwa na saraka nyingine ndogo, kama kabati yenye mitoto. Katika kompyuta za Windows, diski ya ndani huitwa C:, na flashi mara nyingi hupewa herufi D: au E:. Itazameni herufi hiyo kila siku kabla ya kuandika, maana hubadilika flashi nyingine ikichomekwa kwanza.

Ili kufungua dirisha la amri, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha bonyeza Enter. Kila amri ya kunakili ina sehemu tatu: kitendo, kinachotoka, na kinakokwenda. Asili huja kwanza, makazi mapya baadaye. Mwenye kugeuza mpango huu hunakili ya zamani juu ya mpya.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini tusivute faili kwa kipanya, kama wafanyavyo wengi? Hapana ubaya kwa faili moja au mbili. Lakini amri huandikwa katika karatasi na kubandikwa ukutani, na karani mgeni aweza kuifuata Ijumaa hii na ijayo bila tofauti. Tena yaweza kusomwa kwa simu herufi kwa herufi. Ndivyo tulivyomsaidia mwenzetu mmoja wa Wampembe aliyetaka kuhifadhi hesabu zake za dagaa.

Kunakili faili moja

copy C:\Daftari\wapemba.txt E:\Nakala\

Kile kistari kilicholala mwishoni msikiache. Kinaiambia mashine kwamba Nakala ni saraka. Kikiwapo, na saraka hiyo haipo, mashine itakataa na kusema haioni njia. Kisipokuwapo, na saraka haipo, itatengeneza faili iitwayo Nakala. Mkiwa mnanakili faili nyingi za maandishi kwa mara moja kwa alama ya nyota, itazimimina zote ndani ya faili hiyo moja. Ni sawasawa na kumimina karafuu za wakulima kumi katika gunia moja: kilo zote zimo, lakini nani ajue ya nani ni ipi?

Faili yenye jina lile lile ikiwa imekwisha kuwapo kule inakokwenda, amri hii huuliza kama iandike juu yake. Ikiwa hamna hakika, jibuni N. Lakini amri zikiwa zimeandikwa pamoja katika faili ya kujiendesha yenyewe, haitauliza. Kama jina la faili au saraka lina nafasi ndani yake, litieni katika alama za kunukuu, la sivyo mashine hulidhani ni majina mawili.

Kunakili saraka nzima

Kwa saraka na vyote vilivyomo, twatumia amri iitwayo robocopy, ambayo imo ndani ya Windows tangu Vista ya mwaka 2007:

robocopy C:\Daftari E:\Nakala\2025-07-04 /E /R:2 /W:5

Alama ya /E hutaka saraka zote za ndani, hata zilizo tupu. /R:2 hutaka mashine ijaribu tena mara mbili ikishindwa kunakili faili, na /W:5 ingoje sekunde tano kila mara. Msipoziweka, itajaribu mara milioni moja, ikingoja sekunde 30 kila mara, nanyi mtakaa hapo mpaka msimu ujao. Mwisho wa kazi hutoa hesabu ya saraka na faili zilizonakiliwa, zilizorukwa na zilizoshindikana. Isomeni hesabu hiyo.

Amri hii haiulizi chochote kabla ya kuandika juu ya faili iliyobadilika. Kwa sababu hiyo kila Ijumaa tunaipa saraka mpya yenye jina la tarehe, mwaka mbele, kisha mwezi, kisha siku. Nakala ya leo haiwezi tena kuila ya wiki iliyopita. Lau tungalifanya hivyo tangu mwanzo, kosa la karani lingalituharibia nakala ya Ijumaa moja tu.

Jihadharini na alama ya /MIR. Hiyo hufanya kule inakokwenda pafanane kabisa na asili, maana yake hufuta kila kilicho katika nakala ambacho hakimo katika asili. Asili ikiwa tupu, nakala nayo itakuwa tupu. Mkitaka kuona amri itafanya nini kabla haijafanya, ongezeni /L. Itaorodhesha tu, haitagusa kitu.

Wenye kompyuta za Linux hutumia cp, amri ya zamani iliyokuwamo katika toleo la kwanza la Unix mwaka 1971. Kwa saraka huandika cp -r. Amri hii kwa kawaida huandika juu ya faili bila kuuliza; mwenye kutaka kuulizwa na aandike cp -ri.

Kunakili si kuhamisha

Iko pia amri iitwayo move, nayo si ya kunakili. Wenzetu wa Wampembe wataufahamu mfano huu. Meli ya Liemba, iliyohudumia bandari za ziwa hilo kwa miaka mingi, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku, ikasafirishwa mpaka Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Hiyo ni kuhamisha: Papenburg haikubaki meli ya pili. Wajerumani walipoizamisha wenyewe mwaka 1916, ziwa halikuwa na nyingine kama hiyo, mpaka ilipoibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Faili iliyopotea hapana wa kuizamia.

Kuthibitisha

Baada ya kunakili, zilinganisheni faili mbili:

fc /b C:\Daftari\wapemba.txt E:\Nakala\2025-07-04\wapemba.txt

Zikiwa sawa, mashine husema hakuna tofauti. Zikiwa mbali, itamwaga safu za tarakimu au itasema moja ni ndefu kuliko nyingine. Amri hii moja ingalitufichulia kosa letu jioni ile ile. Kisha ifungueni nakala kwa macho na kutazama jina la kwanza na la mwisho. Mwishowe iambieni kompyuta iiachilie flashi kabla ya kuichomoa.

Mahali pa kuiweka

Nakala ikae nyumba mbali na ile ya kompyuta. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit-al-Ajaib pale Forodhani iliporomoka. Jumba lililosimama zaidi ya miaka mia moja halikutoa taarifa. Wala tusitegemee umeme na mtandao peke yake. Unguja ilikaa bila umeme wa kutoka bara tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010, na Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika mtandao ulidorora nchini kote. Flashi iliyo katika mkoba haikuhitaji waya.

Tangu sasa tunazo flashi mbili zinazopokezana, moja ofisini na moja nyumbani kwa mweka hazina. Daftari limebadilishwa jina: la kisiwani laitwa daftari-kuu.txt, na la wenzetu laitwa ziwani.txt, ili jicho lililochoka lisidanganyike tena. Kila Ijumaa watu wawili wanatia saini kwamba nakala imefunguliwa na kutazamwa.

Karani wetu bado yuko kazini, nasi hatumlaumu peke yake. Alitakiwa anakili, akanakili. Sisi ndio hatukutazama. Ambaye bado hajaleta stakabadhi zake, twamwomba azilete kabla karafuu hazijaanza kuanikwa, maana haki yake imo katika karatasi hiyo mpaka tutakapoiandika tena.