Miti ya Amani katika Nchi ya Acholi

Askari aliyetumikia kaskazini mwa Uganda katika miaka ya vita, na hasa baada ya Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000, hatakosa kukumbuka jinsi vijana waliotoka msituni walivyorudishwa makwao. Silaha ilikwisha kukabidhiwa na hati ya msamaha ilikwisha kutolewa, lakini kijana alisimama kwenye mlango wa boma la baba yake bila kuingia. Alikuwa akingojea yai.

Sisi tulio wadogo kiumri tulisimuliwa hayo na wakubwa wetu kazini, na wengine tulishuhudia baadaye. Sherehe hiyo Waacholi huiita nyono tong gweno, yaani kukanyaga yai. Yai bichi huwekwa chini pamoja na tawi la opobo na fimbo ya layibi, na mwenye kurudi hulikanyaga likapasuka ndipo aingie. Yai halina mdomo wala halijatenda baya. Opobo ni mti wenye utelezi ambao watu wa kale waliutumia kama sabuni, hivyo humtakasa mgeni. Layibi ni fimbo ya kuinulia paa la kihenge cha nafaka. Maana yake ni kwamba aliyepotea amerudi mahali alipokuwa akila.

Kubwa kuliko hiyo ni mato oput, inayofanywa pale mtu wa ukoo mmoja alipomuua mtu wa ukoo mwingine. Kwanza wazee huzungumza, pengine kwa muda mrefu sana, mpaka ukweli ukubaliwe na fidia ikatwe. Ndipo mizizi ya mti wa oput, iliyo michungu mno, hupondwa na kutiwa katika pombe ya kienyeji. Wajumbe wa koo mbili hupiga magoti, mikono nyuma, wakainamisha vichwa na kunywa katika kibuyu kimoja. Uchungu wa kisasi humezwa na wote wawili. Mapatano ya Juba ya Juni 2007 kuhusu uwajibikaji na maridhiano yaliitaja mila hiyo kwa jina lake.

Ndugu askari, tazameni jambo ambalo si rahisi kulitambua mara moja. Vyombo vya sherehe hizi havinunuliwi dukani. Vinatoka porini, na pasipo pori hakuna sherehe. Hata mtawala wa jadi huitwa rwot moo, yaani mtawala wa mafuta, kwa kuwa hupakwa mafuta ya mti wa yaa, ule ambao wengine huuita shea. Kwa hiyo mababu walikataza kuukata. Mkulima anayefyeka shamba jipya huacha miti ya yaa imesimama katikati ya mtama wake. Mti huo huchukua takriban miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa, na anayeupanda hupanda kwa ajili ya wanawe.

Wakati wa vita watu walihamishiwa kambini, na mashamba yao yakageuka vichaka. Waliporudi, baada ya bunduki kunyamaza mwaka 2006, walikuta miti mingi imestawi. Wafanyabiashara wa mkaa nao waliiona. Tanuri la mkaa halichagui: yaa, oput na kila kilicho karibu huingia humo, na malori huelekea kusini yakiwa yamejaa magunia. Mnamo Mei 2023 Rais alitoa Amri Nambari 3, iliyopiga marufuku ukataji wa miti kwa mkaa wa biashara kaskazini na kaskazini-mashariki mwa nchi, na vyombo vya usalama vikapewa kazi ya kuisimamia.

Hatutaficha kwamba raia wamelalamika kuwa baadhi ya malori hayo yalipita kwa msaada wa watu wenye sare. Malalamiko hayo yanatuuma, na yanapaswa kutuuma. Jeshi lililokuwa likiwapeleka vijana kwenye boma wakakanyage yai haliwezi kupokea noti kutoka kwa dereva aliyebeba magogo ya mti uleule unaompaka mtawala mafuta.

Anayesimama kizuizini usiku na aujue mti wenyewe. Gamba la yaa ni nene, limepasuka vipande vya mraba mfano wa ngozi ya mamba. Ukiukata hutoa utomvu mweupe. Majani yake hukusanyika kwenye ncha za matawi. Magogo yaliyofunikwa kwa turubai chini ya magunia hutambulika kwa tochi moja tu.

Na anayefanya doria ya alfajiri katika msimu wa matunda, kuanzia mwezi wa Mei hivi, atakutana na akina mama wakiinama chini ya miti hiyo na vikapu vyao. Hawatikisi matawi wala hawapandi juu. Huokota yaliyoanguka usiku, wakaenda zao kabla jua halijawa kali.