Hisabati Haina Maabara, Lakini Ina Gharama

Yako maneno ambayo tumeyasikia mara nyingi, mabarazani na hata katika vikao vya watu wenye dhamana, nayo ni kwamba mwanafunzi wa hisabati ni mwepesi kumsomesha. Mwanafunzi wa udaktari, husemwa, anahitaji hospitali. Wa kemia anahitaji dawa na vyombo vya kioo. Wa kilimo anahitaji shamba. Wa hisabati anahitaji kalamu, karatasi na kichwa chake, na kichwa amekuja nacho kutoka kwao. Basi fedha zinapokuwa haba, si vigumu jina lake kusogezwa chini ya orodha, na hakuna anayeona kuwa ametenda kosa.

Maneno hayo yana sura ya busara, na wanaoyasema si watu wabaya. Sisi hatukubaliani nayo. Kabla ya kueleza kwa nini, tunaomba ruhusa ya wasomaji tuvuke bahari kidogo, mpaka upande wa kusini wa Bara Hindi, ambako majahazi ya pepo za msimu yamekuwa yakienda na kurudi tangu enzi za mababu.

Mwaka 1887 alizaliwa huko mtoto aliyeitwa Srinivasa Ramanujan, mwana wa karani wa duka la nguo katika mji wa Kumbakonam. Alipokuwa na umri wa miaka kama 16 alipata kuazima buku moja la Mwingereza aitwaye Carr, lenye maelfu ya kanuni zilizopangwa moja baada ya nyingine, nyingi bila ya uthibitisho wa kutosha. Kijana yule akazithibitisha mwenyewe. Mwaka 1904 akapata msaada wa masomo katika chuo cha mji wake. Lakini kwa kuwa moyo wake wote ulikuwa katika hisabati, akaanguka katika masomo mengine, na msaada ule akanyang'anywa. Akajaribu chuo cha pili, mjini Madras, akaanguka tena kwa sababu ile ile. Karatasi ilimshinda bei, akawa anafanya hesabu zake juu ya kibao na kufuta kwa kiwiko cha mkono. Kwa muda alilishwa na afisa mmoja wa Serikali, Ramachandra Rao, aliyempa rupia 25 kila mwezi kutoka mfukoni mwake. Kisha akaajiriwa ukarani bandarini kwa mshahara wa rupia 30. Mwaka 1913, baada ya barua yake kumfikia mwanahisabati G. H. Hardy wa Cambridge, Chuo Kikuu cha Madras kilimpa rupia 75 kwa mwezi ili afanye utafiti tu. Mwaka 1918 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya Uingereza. Mwaka 1920 alifariki, umri wake miaka 32.

Tazameni ni vitu gani vilivyomwinua mtu huyu, na ni kitu gani kilichokaribia kumzamisha. Kilichomwinua ni buku la kuazima, chakula cha uhakika, na mwishowe fungu la fedha lililotolewa bila ya kumtaka afanye kazi nyingine. Kilichokaribia kumzamisha ni sharti lililoandikwa kwa nia njema kabisa, kwamba asiyefaulu kila somo asipewe kitu.

Sisi tuliopita chuoni kabla ya kupita skuli tunakijua kibao. Tunajua pia kwamba hesabu si mgeni aliyeletwa na wakoloni. Yeyote aliyefika katika mlango wa mirathi atakumbuka masuala ya aina hii: mtu amefariki, ameacha mke, mama na mtoto mmoja mwanamume. Mke ana thumuni, mama ana sudusi, mtoto anachukua kilichobaki. Mali hugawanywa mafungu 24. Mke akapata 3, mama 4, mtoto 17. Mwalimu wetu hakuwahi kututajia neno aljebra, lakini alikuwa akitufundisha kitu kile kile. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu cha al-jabr mjini Baghdad katika karne ya 9, alikusudia kiwafae watu katika mirathi, wasia, biashara, upimaji wa ardhi na uchimbaji wa mifereji. Naye hakuandika akiwa na njaa. Alikuwa chini ya himaya ya Khalifa al-Ma'mun, na kitabuni mwake alimshukuru kwa kumtia moyo. Elimu hii, tangu asili yake, imekuwa ikilelewa na dola.

Turudi visiwani. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Zanzibar watu wapatao milioni 1.3; ile ya mwaka 2022 ikahesabu 1,889,773. Huo ni mwendo wa asilimia 3.7 kwa mwaka, na anayejua logi atakwambia kwamba kwa mwendo huo idadi ya watu huwa maradufu katika miaka kama 19. Maana yake ni madarasa mara mbili, visima mara mbili, walimu mara mbili, kabla ya mtoto aliyezaliwa mwaka wa sensa hajamaliza masomo yake. Nani atakayekaa Wizarani kuyapiga mahesabu hayo? Tunazungumza kila siku juu ya Uchumi wa Buluu. Kujaa na kupwa kwa maji, jambo ambalo mvuvi wa Nungwi na mkulima wa mwani wa Paje hulitegemea kwa riziki, hukadiriwa kwa kujumlisha mawimbi ya hesabu ya pembe. Na huko Bweleo, tangu mwaka 2023, ipo taasisi ya IIT Madras, iliyotoka katika mji ule ule uliomlipa Ramanujan rupia 75, ikifundisha sayansi ya data na akili ya mashine. Msingi wa masomo hayo ni aljebra, takwimu na nadharia ya uwezekano. Mlango umeletwa mpaka uwanjani kwetu. Swali ni watoto wangapi wa Micheweni na Makunduchi wataweza kuupita.

Haki itendeke: hatuanzi na mikono mitupu. Chuo Kikuu cha Taifa kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar kwa sheria ya mwaka 2011. Benki Kuu ya Tanzania ilianzisha mwaka 2009 Mfuko wa Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, ambao tangu mwanzo ulilenga wasichana waliofanya vizuri katika hisabati na sayansi. Tunawahimiza wazazi wa mabinti kuuliza habari zake mapema. Kwa aliyemaliza shahada ya kwanza, ipo Taasisi ya Kiafrika ya Sayansi za Hisabati, iliyoanza Afrika ya Kusini mwaka 2003 na kuenea katika nchi nyingine zikiwemo Rwanda na Ghana, ambayo imejenga desturi ya kuwagharamia wanafunzi wake masomo, malazi na chakula. Ipo pia ile ya Trieste nchini Italia, iliyoasisiwa mwaka 1964 na Abdus Salam wa Pakistan kwa ajili ya wanasayansi wa nchi zetu. Salam mwenyewe alikwenda Cambridge mwaka 1946 kwa msaada uliowekwa kwa watoto wa wakulima wadogo wa Punjab, kutokana na fedha zilizochangwa kwanza kwa ajili ya vita. Vita vikaisha, fedha zikabaki, mtu akasoma, na mwaka 1979 akapata Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Lakini milango hiyo mikubwa humfaa aliyefika kizingitini. Tunamjua kijana mmoja kutoka Pemba, ambaye jina lake tutalihifadhi, aliyeingia chuo kuwa mwalimu wa hisabati na fizikia. Ada yake ililipwa. Kilichomshinda si ada. Darasa lao lilikuwa na buku moja tu la uchambuzi wa hisabati, nao wakilizungusha kwa zamu, usiku huu kwa huyu, usiku ule kwa yule. Kompyuta hakuwa nayo. Mazoezi ya programu aliyaandika kwa mkono daftarini. Katika mwaka wa pili fedha zake za kujikimu zilichelewa, akarudi kwao kwa meli kuuza vitu sokoni, na aliporudi alikuta mtihani mmoja umempita. Akahamia somo jingine, lenye vitabu vingi na maswali mepesi zaidi. Leo ameajiriwa, anaishi vizuri, wala hana kinyongo na mtu. Skuli moja ya Pemba ndiyo iliyokosa mwalimu wa hisabati.

Hapo ndipo tunapopaona pa kuanzia. Ada si gharama yote ya mwanafunzi wa hisabati, na pengine si kubwa yake. Gharama yake ni wakati usiokatizwa, kwa sababu somo hili hujengwa kama nyumba ya mawe: aliyekosa wiki tatu za msingi hawezi kupandisha ukuta wa juu. Mwanafunzi wa historia aliyekosa sura moja anaweza kusoma inayofuata. Wa hisabati hawezi. (Tunawaomba radhi walimu wa historia, ambao bila shaka watatuandikia.)

Tunashauri, kwa hiyo, litengwe fungu dogo la ruzuku, mbali na mkopo, kwa wanafunzi wanaosomea hisabati na ualimu wa hisabati: nauli ya meli kwa wanaotoka Pemba, mabuku, na matumizi ya kompyuta. Programu nzuri za hesabu na takwimu zinapatikana bure kwenye intaneti; ghali ni mashine ya kuziendesha na umeme wa kusomea usiku. Atakayepokea ruzuku hiyo atumikie skuli za Serikali kwa miaka itakayokubaliwa, na masharti ya kufaulu yapimwe kwanza kwa hisabati yenyewe.

Wapo watakaosema kwamba ukiwapa wa hisabati, kesho watakuja wa lugha na wa sanaa. Na waje, kila mmoja na hoja yake. Sisi tunaanzia pale ambapo pengo la walimu linauma zaidi, na pale ambapo fedha kidogo hufanya kazi kubwa.

Liko pia jambo ambalo halihitaji kusubiri Serikali. Wazee wetu waliweka wakfu minazi, visima na nyumba. Hatuoni kizuizi chochote kwa mwenye uwezo, au kwa jumuiya ya Wazanzibari walioko Muscat au London, kuweka wakfu mabuku 20 ya hisabati katika maktaba moja ya Chake Chake. Walimu wa somo hilo wanaweza kuiandika orodha ya mabuku hayo kwa siku moja. Ile ya ruzuku itahitaji siku nyingi zaidi, na kwa hiyo tunaiomba Wizara iianze sasa, ili hesabu yake iwe mezani kabla bajeti ya mwaka ujao haijafika Barazani.