Kwa nini Marijani Rajab aliishia kuuza kaseti Kariakoo?

Mtajie mzazi wako "Zuwena" (ile ya zamani, siyo ya Diamond), uone atakavyotabasamu. Ni wimbo wa Marijani Rajab, Jabali la Muziki, mtoto wa Kariakoo aliyezaliwa 1955 na kuvuma na Safari Trippers, kisha Dar International.

Miaka yake ya mwisho, Jabali huyohuyo alikuwa anauza kaseti kwenye kibanda karibu na kwake, Kariakoo. Alifariki 1995 akiwa na hali ngumu.

Ilikuwaje? Enzi zile bendi za Dar zilirekodi Radio Tanzania. Wimbo ulisikika nchi nzima, lakini umaarufu wa redioni haukuwa mauzo. Kaseti zilipoenea, mwenye redio ya deki mbili alirekodi hewani, akadurufu, akauza. Mwenye wimbo alibaki msikilizaji tu. Na vyombo? Mara nyingi vilikuwa mali ya mwenye bendi. Ukitoka, unatoka na sauti yako.

Sheria mpya ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa 1999. Marijani alikuwa na miaka minne kaburini.