Pasaka ya Majirani Zetu

Mazungumzo ya redio. Somo: Warumi 6:3–11



Hapa Eldoret tunakaa pamoja na ndugu zetu Wakatoliki. Tunanunua mboga katika soko moja, watoto wetu wanasoma darasa moja, na katika nyumba nyingi mume ni wa kanisa hili na mke ni wa lile. Lakini ifikapo Ijumaa Kuu, tukiwaona wanapita barabarani wakifuata msalaba wa mti, wako miongoni mwetu wasemao, "Hao wamebaki msalabani. Yesu wao hajafufuka." Je, neno hilo ni kweli? Inatupasa kulipima, kwa maana amri inayotukataza kumshuhudia jirani uongo haikumtoa jirani aliye Mkatoliki.

Kwanza, tutazame safari yao. Inaanza Jumatano ya Majivu, wanapopakwa majivu kwenye paji la uso, wakumbuke kwamba mwanadamu ni mavumbi na anahitaji kutubu. Kisha ni Kwaresima, siku 40 za kufunga, kusali na kuwasaidia maskini. Siku za Ijumaa wanafuata Njia ya Msalaba, vituo 14, tangu hukumu ya Pilato mpaka kaburini. Alhamisi Kuu padre anainama na kuwaosha watu miguu, kama Bwana alivyofanya. Ijumaa Kuu hakuna Misa. Wanasoma habari za mateso katika Injili ya Yohana, wanauheshimu msalaba, na kupokea Ekaristi iliyowekwa tangu usiku wa Alhamisi. Jumamosi mchana altare iko tupu, nao wanangoja kama wanafunzi walivyongoja baada ya jiwe kuvingirishwa.

Mtu akiishia hapo ataona huzuni tu. Ni sawa na mtu aliyemwona mkulima akifukia mahindi udongoni, akaenda zake akisema mahindi yamepotea. Hakungoja mvua.

Pili, basi, tungoje usiku wa Jumamosi. Hilo ndilo Kesha la Pasaka, ibada iliyo kuu kuliko zote katika mwaka wao. Taa za kanisa zimezimwa. Moto unawashwa nje gizani, nao unabarikiwa. Kwa moto huo unawashwa mshumaa mkubwa wenye alama ya msalaba, herufi za Alfa na Omega, na tarakimu za mwaka huo. Chembe tano za ubani huchomekwa ndani yake kuwa ukumbusho wa majeraha ya Bwana. Mshumaa unaingia kanisani ukiwa peke yake katika giza, na mara tatu inatangazwa kwa wimbo kwamba Kristo ni mwanga. Kila mtu anawasha mshumaa wake mdogo kutoka ule mmoja, mpaka kanisa zima linang'aa.

Halafu wanasikiliza Neno la Mungu kwa muda mrefu. Masomo saba ya Agano la Kale yamewekwa, tangu uumbaji, na lile la Waisraeli kuvuka Bahari ya Shamu haliruhusiwi kuachwa kamwe. Ndipo kengele zinalia, na Aleluya iliyonyamaza Kwaresima yote inaimbwa tena. Ndugu msikilizaji, je, hao ni watu ambao Yesu wao hajafufuka?

Tatu, tufike kwenye kiini cha usiku ule, nacho ni maji. Wakatekumeni waliofundishwa kwa muda mrefu wanaulizwa kama wanamkataa Shetani na kazi zake, na kama wanamwamini Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Kisha wanabatizwa. Na waumini wote waliobatizwa zamani, wazee kwa vijana, wanaulizwa maswali yale yale na kujibu upya. Hii ndiyo maana ya Pasaka kwao: Kristo alikufa na kufufuka, nasi tumezikwa na kufufuka pamoja naye katika ubatizo. Hayo si mageni kwetu. Ndiyo anayoyafundisha Mtume Paulo katika somo letu la leo.

Hatusemi kwamba hakuna tofauti. Usiku ule wanawaomba watakatifu wawaombee, na wanafundisha kwamba Misa ni sadaka, kwa namna ambayo sisi hatufundishi. Hayo ni mambo mazito, wala hayaondolewi kwa kutabasamu. Lakini lifikirini neno hili: Mwanglikana akijiunga nao hawambatizi tena. Wanakiri kwamba maji yale, kwa jina la Utatu, yalitosha. Ikiwa wao wanauheshimu ubatizo wetu, sisi tunaudhihakije wao?

Tena sisi wa Eldoret tunajua gharama ya kuusahau ubatizo. Tarehe 1 Januari 2008, pale Kiambaa, kanisa lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo. Siku zile maelfu walipata hifadhi katika uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, chini ya Askofu Cornelius Korir, aliyeendelea kuwapatanisha watu mpaka alipofariki mwaka 2017. Waliokimbia na waliowafukuza, wengi wao walikuwa wamebatizwa, Wakatoliki na Waprotestanti pia. Midomo ilikuwa imemkataa Shetani, lakini kabila likawa na nguvu kuliko maji. Pasaka ya mwaka ule, tarehe 23 Machi, iliwakuta wengi wangali katika mahema.

Kwa hiyo, wapendwa, swali la Pasaka si kama jirani yetu amebaki msalabani. Swali ni kama sisi tumetoka kaburini. Tukiulizwa usiku ule kama tunaikataa chuki, tutajibu nini? Na kesho yake tutamsalimu nani sokoni?

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyekufa na kufufuka kwa ajili yetu, utukumbushe maji tuliyobatizwa. Utusamehe dharau zetu kwa majirani. Utupe kuishi kama watu waliofufuka, hapa Eldoret na kila mahali. Amina.

Kwaherini, na Bwana awe nanyi.