Fahamu: Kwa nini dozi moja ya lutetiamu haiwatoshi wote

Saratani ya tezi dume ikisambaa hupenda mifupa: kiuno, nyonga, uti wa mgongo. Dawa ya lutetiamu-177 kwa saratani hii, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, hudungwa kwenye mshipa, ikazisaka seli zenye protini ya PSMA na kuzichoma kwa mionzi. Dozi yake ni ileile kwa kila mgonjwa: gigabekereli 7.4 kila wiki 6, hadi mara 6.

Wataalamu wanahoji hilo, na wana haki. Kwa mwenye uvimbe mwingi, uvimbe huo huinyonya dawa. Kwa mwenye uvimbe kidogo, figo na tezi za mate hubeba zaidi.

Kumpimia mtu dozi yake kunataka picha za siku kadhaa baada ya sindano. Hata tiba ikitolewa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Tunduma, mzee atokaye Tunduma atahitaji pia pa kulala Dar siku hizo.