Soya na Ngozi: Chupa Haina Kile Kinachotafutwa

Hutokea mzazi wa mtoto mwenye ualbino akafika kliniki ya ngozi na chupa ya mafuta ya soya mkobani. Amesikia kwa jirani, au amesoma kwenye simu, kwamba soya huikinga ngozi dhidi ya jua, naye amekuwa akimpaka mwanawe kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Masikio ya mtoto yamebabuka na mdomo wa chini umepasuka. Mzazi huyo hastahili kuchekwa. Habari aliyoisikia ina chembe ya ukweli, na chembe hiyo ilitoka maabara.

Punje ya soya ina viambato viitwavyo isoflavoni, takriban miligramu 1 hadi 3 katika kila gramu ya soya kavu. Kinachojulikana zaidi ni jenisteini. Jina lake limetokana na Genista tinctoria, mmea wa Ulaya uliotumika kutia nguo rangi, ambamo kiambato hicho kilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1899. Mwaka 1987 watafiti wa Japani walionyesha kuwa jenisteini huzuia kazi ya tairosini kinasi, vimeng'enya vinavyopitisha amri ndani ya seli, zikiwemo amri za kugawanyika. Tangu hapo ikavuta macho ya wachunguzi wa saratani.

Kwa wataalamu wa ngozi mvuto huo ulikuwa na sababu ya ziada. Mionzi ya urujuanimno inapopenya ngozi huharibu DNA moja kwa moja, na papo hapo huzalisha molekuli kali za oksijeni zinazoshambulia mafuta na protini za seli. Seli iliyojeruhiwa hutoa amri za uvimbe. Ngozi ikawa nyekundu, ikauma. Jenisteini hupunguza ukali wa molekuli hizo na kudhoofisha amri hizo. Panya wasio na manyoya waliopakwa jenisteini kabla ya kuangaziwa mionzi walipata vivimbe vichache. Huko New York, watu wachache waliojitolea waliungua kidogo zaidi pale walipopakwa kabla ya mionzi. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, ngozi ya nguruwe ilipakwa isoflavoni za asilimia 0.5 kwa siku nne, kisha ikaangaziwa. Seli zilizoungua zilipungua, lakini kinga hiyo haikuifikia ile ya mchanganyiko wa vitamini C, vitamini E na asidi ya feruliki.

Kutoka hapo hadi kwenye ngozi ya mtoto anayetembea juani, njia bado ni ndefu. Jenisteini hufyonza mionzi zaidi kwenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 260, na mionzi ya urefu huo huzuiwa angani na tabaka la ozoni, haifiki ardhini. Inayotuunguza zaidi ni ile ya kati ya nanomita 290 na 320. Kwa maneno mengine, jenisteini haisimami mlangoni kumzuia mwizi. Hufanya kazi ndani ya nyumba, mwizi akiwa amekwisha kuingia. Zinki oksidi na titani dioksidi, zinazotumika katika krimu za kujikinga na jua, huizuia mionzi kabla haijapenya. Mtu mwenye ngozi nyeusi ana ukuta wake mwenyewe, melanini, ambayo kinga yake hukadiriwa kuwa sawa na SPF ya takriban 13. Mwenye ualbino hana ukuta huo, na saratani ya ngozi yaweza kumpata angali kijana.

Tena, chupa ile ya mafuta haina hata kile kinachotafutwa. Isoflavoni haziyeyuki vizuri katika mafuta. Soya inapokamuliwa, hubaki karibu zote kwenye mashudu. Watafiti walitumia viambato vilivyosafishwa, vikayeyushwa katika vimiminika maalumu kwa vipimo vinavyojulikana. Mzazi anapaka mafuta ya kupikia, na mafuta ya kupikia hayazuii mionzi.

Je, uji wenye soya? Ni chakula chema, chenye protini nyingi, na hakuna sababu ya kumkataza mtoto asiye na mzio wa soya. Ila usihesabiwe kuwa kinga ya jua. Isoflavoni zikifika tumboni hutegemea bakteria wa utumbo, na daidzeini, ndugu ya jenisteini, hugeuzwa kuwa ekwoli kwa baadhi ya watu tu: Wajapani wapatao nusu huweza, ilhali katika nchi za Magharibi ni kama robo hadi theluthi. Ekwoli ndiyo iliyolinda kinga ya mwili ya panya dhidi ya mionzi katika maabara za Sydney. Wawili wakila sahani moja, huenda mmoja tu akaipata. Mgonjwa anayetumia levothairoksini kwa ajili ya tezi ya shingo naye aambiwe asiimeze pamoja na soya, kwani hupunguza ufyonzwaji wa dawa.

Muuguzi anayempokea mzazi huyo na aanze na kofia yenye ukingo mpana kote, shati la mikono mirefu la kitambaa kizito, na kivuli kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri. Walimu waombwe kumruhusu mtoto kuvaa kofia na kumwondoa kwenye gwaride la mchana.  Krimu ipakwe kwa wingi na kurudiwa kila baada ya saa mbili, bila kusahau masikio, shingo ya nyuma na midomo. Huko Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, hutengenezwa Kilisun, krimu iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Kisha mtoto avuliwe shati, akaguliwe kwenye mwanga wa kutosha. Magamba yanayokwaruza kama msasa, au kidonda kisichopona kwa wiki nne, hata kiwe kidogo kama punje ya mtama, ni sababu ya kumpeleka kwa daktari wa ngozi mwezi huo huo.